Fyuzi za magari ya mazao: Kwa nini zinaungua kila mara, na nani anayelipa hasara

Kila msimu wa mavuno mjadala kuhusu gharama za kusafirisha mazao hurudi palepale: bei ya dizeli, ubovu wa barabara za vijijini na ushuru wa mazao. Mambo hayo ni ya kweli na yanastahili kujadiliwa. Lakini lipo tatizo jingine ambalo madereva, matingo na wafanyabiashara wa mazao wanalijua vizuri, ila haliingii kwenye mahesabu ya mtu yeyote. Tatizo hilo ni fyuzi za gari zinazoungua mara kwa mara.

Dereva anayebeba nyanya kutoka Ilula mkoani Iringa, vitunguu kutoka Mang'ola wilayani Karatu au viazi kutoka Njombe, hakosi fyuzi za akiba kwenye droo ya gari. Wengine hawanunui hata hizo. Hutumia nyuzi mbili tatu za waya wa shaba, au karatasi ya kung'aa iliyomo ndani ya pakiti ya sigara. Taa zinawaka, safari inaendelea, na suala linahesabiwa kuwa limekwisha.

Kwa hesabu za kiuchumi suala hilo halijakwisha. Gharama yake imeahirishwa, na mara nyingi atakayekuja kuilipa si yule aliyeamua kuiahirisha. Makala haya yanaeleza kwa nini hali hiyo inaendelea, inamgharimu nani, na jinsi mwenye gari mdogo au kikundi cha wakulima wanavyoweza kutafuta chanzo chake bila kutumia fedha nyingi.

Fyuzi inalinda nini?

Watu wengi huamini kuwa fyuzi ipo kwa ajili ya kulinda taa, redio au honi. Kimsingi, kazi yake ya kwanza ni kulinda waya. Kila waya una kiwango cha umeme unachoweza kupitisha bila kupata moto. Ukizidishiwa, plastiki yake huyeyuka, nyaya zilizofungwa pamoja hugusana, na mwisho wake ni moto. Fyuzi ni kipande chembamba kilichowekwa makusudi kiwe dhaifu kuliko waya, ili umeme ukizidi kiungue chenyewe kabla ya waya.

Ndiyo maana fyuzi za kisasa za plastiki zina rangi na namba. Nyekundu ni ya ampea 10, ya bluu ni ampea 15, ya njano ni ampea 20, nyeupe inayoona ni ampea 25 na ya kijani ni ampea 30. Namba hiyo ilichaguliwa na mtengenezaji wa gari kulingana na unene wa waya uliopo na vifaa vinavyotumia waya huo.

Sasa tuchukue gari ambalo fyuzi yake nyekundu ya taa za nyuma inaungua kila safari. Dereva amechoka, anaweka ya kijani. Kuanzia hapo waya uliokuwa unalindwa usipitishe zaidi ya ampea 10 umeruhusiwa kupitisha ampea 30. Joto kwenye waya haliongezeki sawasawa na umeme, huongezeka kwa kipeo cha pili. Umeme ukiwa mara tatu, joto linakuwa mara tisa. Akiweka waya wa shaba au karatasi ya sigara, hakuna kipimo chochote kilichobaki. Fyuzi sasa ni ule waya wenyewe uliopita chini ya bodi ya mbao, karibu na magunia.

Anayebeba pamba, mkaa, majani makavu ya mifugo au magunia matupu anapaswa kulitafakari hilo kwa makini. Mzigo wa aina hiyo hauhitaji moto mkubwa ili uteketee.

Kwa nini hakuna anayetafuta chanzo

Jambo la kujiuliza ni hili: ikiwa hatari inajulikana, kwa nini wamiliki na madereva huendelea kubadilisha fyuzi badala ya kutafuta sababu? Jibu halipo kwenye ujinga wala uzembe peke yake. Lipo katika namna malipo yanavyopangwa katika biashara hii.

Kwanza, madereva wengi hufanya kazi kwa hesabu. Mwenye gari anataka kiasi fulani kwa siku au kwa safari, na kinachozidi ni cha dereva. Siku gari linapokaa gereji, dereva hapati kitu. Fyuzi mpya inauzwa kwa bei isiyofika hata ya chupa ya soda katika maduka mengi ya spea, na hubadilishwa kwa dakika moja. Kutafuta chanzo kunaweza kuchukua nusu siku. Kwa dereva, uamuzi wa kubadilisha fyuzi ni wa busara kabisa, kwa sababu gari likiungua si lake.

Pili, mafundi wetu wengi hulipwa kwa kifaa kilichofungwa. Fundi akibadilisha taa au altaneta, mteja anaona kitu kipya na anatoa fedha. Akitumia saa nne kufuatilia waya, kisha akapata sehemu moja iliyochubuka na kuifunga upya, mteja hulalamika kuwa amelipishwa fedha nyingi kwa kazi ya utepe. Matokeo yake fundi hujifunza kutotafuta. Soko linalolipia spea na kukataa kulipia uchunguzi litapata spea nyingi na uchunguzi kidogo.

Tatu, anayeumia zaidi hayupo wakati uamuzi unafanyika. Mkulima aliyepakia mazao yake na mfanyabiashara anayesubiri sokoni hawaulizwi kama fyuzi iliyofungwa ni ya ampea 10 au ni kipande cha waya.

Hesabu ya safari moja

Magari mengi ya nyanya na mbogamboga husafiri usiku, ili mzigo usipigwe na jua na ufike sokoni alfajiri wakati wanunuzi wa rejareja ni wengi. Kutoka Ilula hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 400, ukipita mteremko wa Kitonga na Hifadhi ya Mikumi. Hapo ndipo fyuzi ya taa inapoleta kisanga, kwa sababu gari lisilo na taa haliwezi kwenda usiku. Dereva atasimama asubiri kupambazuke, au atalazimisha.

Tuchukue mfano kwa hesabu rahisi. Tarakimu hizi ni za kuelezea tu. Msomaji aweke bei za msimu wake na za soko lake. Mfanyabiashara amepakia matenga 200 ya nyanya, akitarajia kuuza kila tenga kwa Sh40,000 alfajiri. Mapato yake yangekuwa Sh8,000,000. Gari linakwama usiku kwa sababu ya fyuzi ya taa na kuingia sokoni saa sita mchana. Bei imeshuka kwa Sh5,000 kwa tenga na matenga manane yameharibika. Atauza matenga 192 kwa Sh35,000, sawa na Sh6,720,000. Amepoteza Sh1,280,000.

Kwa upande mwingine, tuseme fundi analipwa Sh50,000 kwa nusu siku ya uchunguzi, waya mpya ni Sh20,000 na soketi ya taa ni Sh10,000. Jumla ni Sh80,000. Hasara ya safari moja imezidi gharama ya matengenezo mara 16.

Hata hivyo, hasara hiyo haikai kwa mfanyabiashara peke yake. Msafirishaji asiyeaminika huongeza hatari ya biashara, na hatari hiyo hurudishwa kwenye bei ya shambani. Mchuuzi anayejua kuwa safari moja kati ya kadhaa itamletea hasara atajilinda kwa kununua kwa bei ya chini zaidi, au kwa kudai lumbesa. Kwa hiyo mkulima ambaye hajawahi hata kumiliki baiskeli analipia fyuzi ya gari la mtu mwingine.

Hapo hatujagusa maisha ya watu. Lori lililosimama barabarani usiku bila taa za nyuma ni mtego kwa basi au pikipiki inayokuja. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari liwe na taa zinazofanya kazi usiku, na kuna sababu nzuri ya sharti hilo.

Vilevile, wenye magari wengi hukata bima ya mtu wa tatu kwa kuwa ndiyo ya lazima na ni nafuu. Bima hiyo humfidia mtu mwingine aliyedhurika. Hailipi gari lako likiteketea, wala mzigo uliokuwamo. Mwenye bima kubwa naye asijidanganye, kwa kuwa kampuni ya bima huchunguza chanzo cha moto kabla ya kulipa, na waya wa shaba kwenye kisanduku cha fyuzi si ushahidi wa kumsaidia.

Anza na daftari

Hatua ya kwanza ya kutafuta chanzo haihitaji kifaa chochote isipokuwa daftari na kalamu. Kila fyuzi inapoungua dereva aandike mambo manne: ni fyuzi ipi, nini kilikuwa kimewashwa, gari lilikuwa linafanya nini, na hali ya hewa ilikuwaje. Baada ya mara tatu au nne picha huanza kuonekana.

Fyuzi inayoungua mara tu inapochomekwa, hata kabla ya kuwasha kitu, inaonyesha kuwa waya wenye umeme umegusa chuma cha gari. Hiyo ndiyo tunaiita shoti. Fyuzi inayoungua dereva anapokanyaga breki inaelekeza kwenye waya au taa za breki. Ikiungua anapoingiza gia ya nyuma, angalia taa za kurudi nyuma. Ikiungua kwenye matuta au barabara ya vumbi pekee, kuna waya unaochezacheza na kusugua chuma. Ikiungua baada ya mvua au baada ya gari kuoshwa, maji yameingia kwenye taa au kwenye soketi.

Ile inayodumu dakika 10 au 20 ndipo iungue ina hadithi tofauti. Hiyo kwa kawaida si shoti bali mzigo uliozidi kidogo. Fyuzi ya ampea 10 ikipitishiwa ampea 20 huungua ndani ya sekunde chache, lakini ikipitishiwa ampea 13 au 14 inaweza kuvumilia kwa muda mrefu zaidi. Muda ni ushahidi, na ndiyo maana unastahili kuandikwa.

Aidha, fyuzi iliyoungua isitupwe kabla ya kutazamwa. Kama kipande cha ndani kimekatika taratibu katikati na plastiki ni safi, yaelekea umeme ulizidi kidogo kwa muda. Kama kimelipuka na kuacha weusi au chembe za chuma zilizotapakaa, umeme mwingi ulipita kwa ghafla, yaani shoti. Kama plastiki ya miguu ya fyuzi ndiyo iliyoyeyuka, tatizo linaweza kuwa kwenye kisanduku chenyewe: vishikizo vimelegea au vimepata kutu, na vinazalisha joto.

Sehemu zinazoficha matatizo

Magari ya mazao yana mazingira yake, na sehemu zinazoharibika hujirudia. Ya kwanza ni taa za nyuma. Waya wake hupita urefu wote wa chasisi, chini ya bodi ambayo mara nyingi ilitengenezwa na mafundi wa hapa nchini baada ya gari kununuliwa. Misumari, boliti na vyuma vya bodi huchubua waya. Gari linalobeba samaki hudondosha maji ya chumvi, linalobeba mbolea huacha vumbi linalokula shaba, na nyanya zilizopasuka hudondosha maji yenye asidi. Soketi ya taa iliyoota ukungu wa kijani ndani ni ya kushukiwa mara moja.

Ya pili ni pale kabini inapokutana na chasisi. Kwenye magari ya aina ya Canter na Fuso kabini hulazwa mbele ili kufikia injini. Kila inapolazwa, furushi la nyaya hujikunja na kunyooka. Baada ya miaka mingi plastiki hupasuka hapo, na mtu akitazama kutoka juu haoni kitu.

Ya tatu ni nyaya zilizoongezwa. Redio, taa za mapambo, king'amuzi cha kufuatilia gari, chaji ya simu na honi za ziada huunganishwa kwa kuchuna waya uliopo, kuusokota na kuufunga kwa soltepu. Gamu ya soltepu huyeyuka kwa joto, utepe hufunguka, na shaba hubaki wazi. Fundi mwenye uzoefu huanza kwa kuuliza: nini kiliongezwa kabla ya tatizo kuanza?

Ya nne ni tundu la kiwasha sigara, ambalo siku hizi ni la kuchajia simu. Sarafu ndogo au kipande cha chaji kilichovunjika kikianguka humo hugusanisha katikati na pembeni, na fyuzi huungua kila inapowekwa. Kuna watu wamefungua dashibodi nzima wakati tatizo lilikuwa ni sarafu.

Ya tano ni panya. Gari linalolala karibu na ghala la mahindi au lililobaki na punje kwenye bodi huwavutia. Panya hutafuna plastiki ya waya na kuacha shaba tupu. Kufagia bodi na chini ya viti baada ya kushusha mzigo ni kazi ya dakika chache.

Wanaotumia bajaji na pikipiki za matairi matatu za kubebea mizigo wasijione hawahusiki. Fyuzi yao ipo karibu na betri, na mara nyingi ni moja tu kwa vifaa karibu vyote. Waya unaopita shingoni, pale usukani unapogeukia, ndio wa kutazamwa kwanza.

Mzigo uliozidi

Chanzo kingine ni kuongeza mahitaji ya umeme bila kubadilisha waya. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya wati kwa volti, utapata ampea. Gari dogo na pikapu nyingi hutumia volti 12. Malori na mengi ya magari ya aina ya Canter na Fuso hutumia volti 24, kwa hiyo soma betri na kibao cha gari lako kabla ya kupiga hesabu.

Taa mbili za mbele za wati 55 kwenye gari la volti 12 ni wati 110, na zinatumia ampea 9 na kidogo. Dereva akitaka mwanga mkali akaweka balbu za wati 100, zote mbili zinakuwa wati 200, sawa na karibu ampea 17. Kama saketi hiyo ina fyuzi ya ampea 15, fyuzi itaungua, na itakuwa imefanya kazi yake sawasawa. Kuweka ya ampea 30 si suluhisho. Suluhisho ni kurudisha balbu za kiwango, au kuvuta waya mpya mnene kutoka kwenye betri, wenye rilei na fyuzi yake.

Mota nazo huzidisha mzigo zinapochoka. Mota ya wipa inayosukuma vioo vilivyogandiwa na tope, au feni ya kabini iliyokwama kwa vumbi, huvuta umeme mwingi kuliko kawaida. Zungusha feni kwa mkono ukiwa umezima gari. Ikigoma, umempata mhusika.

Upimwe pia umeme unaotoka kwenye altaneta. Injini ikiwa inaunguruma, gari la volti 12 lisome takribani volti 13.8 hadi 14.5 kwenye betri, na la volti 24 lisome takribani 27.5 hadi 29. Ukizidi sana hapo, kidhibiti cha altaneta kimeharibika. Dalili yake ya mapema ni balbu kuungua ovyo na betri kukauka maji.

Kama iliyoungua ni fyuzi kubwa iliyo karibu na betri, jiulize kama kuna mtu aliyebadilisha betri au aliyeboosti gari hivi karibuni. Betri ikifungwa kinyume, hata kwa sekunde moja, fyuzi hiyo huungua na altaneta inaweza kwenda nayo.

Njia ya balbu

Fundi anayetafuta shoti kwa kuchomeka fyuzi moja baada ya nyingine anamaliza fedha za mteja. Ipo njia ya zamani na nafuu. Chukua balbu ya breki ya wati 21, ya volti zinazolingana na gari. Iunganishie nyaya mbili na uziweke mahali pa fyuzi iliyoungua. Balbu hiyo haitaruhusu umeme mwingi kupita: kwenye gari la volti 12 haitazidi ampea 2. Kama shoti bado ipo, balbu itawaka kwa nguvu zake zote, na hakuna waya utakaoungua.

Baada ya hapo, chomoa vifaa vya saketi hiyo kimoja kimoja: taa ya kushoto, taa ya kulia, soketi ya nyuma, waya ulioongezwa. Pale balbu inapozima au kufifia sana, umefika kwenye tawi lenye kosa. Kama vyote vimechomolewa na balbu bado inawaka kwa nguvu, shoti ipo kwenye waya wenyewe. Mtu mmoja auchezeshe waya polepole kutoka mbele kwenda nyuma, mwingine atazame balbu. Itakapopepesa, hapo ndipo pa kufungua.

Njia hii inafaa kwa saketi za taa, honi na wipa. Fyuzi za kompyuta ya injini na za mifuko ya hewa ziachiwe fundi mwenye mita na mchoro wa gari husika, kwani kubahatisha hapo kunaweza kuharibu kifaa cha bei kubwa. Kabla ya kukata au kuunga waya wowote, tenganisha betri.

Baada ya kupata kosa, matengenezo yawe ya kudumu. Waya mpya uwe na unene sawa au zaidi ya ule wa zamani, uunganishwe kwa kulehemu kwa risasi au kwa viunganishi vya kubana, upitishwe ndani ya bomba la plastiki, na ufungwe usichezecheze. Panapopita kwenye tundu la chuma pawekwe raba. Kisha irudishwe fyuzi ya namba iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kisanduku.

Nini kifanyike

Mwenye gari abadilishe makubaliano na dereva. Siku ya uchunguzi wa umeme isihesabiwe kuwa siku ya hesabu, na dereva alipwe posho yake. Ukimwadhibu dereva kwa kuripoti tatizo, hataripoti. Atatumia karatasi ya sigara na utasikia habari gari likiwa linateketea. Aidha, atenge sehemu ndogo ya mapato ya kila safari kwa ajili ya matengenezo, ikae mbali na fedha za mafuta.

Mteja akubaliane na fundi malipo ya uchunguzi kabla ya kazi kuanza, yakiwa tofauti na bei ya spea. Mwambie wazi kuwa utamlipa kwa kukuonyesha kosa lilipo. Vyuo vya VETA vinafundisha umeme wa magari, na vijana waliopita huko wanajua kutumia mita na kusoma mchoro. Tukiendelea kuwalipa kwa kubadilisha taa tu, ujuzi huo utakufa mikononi mwao.

Wakulima nao wana nguvu ambayo hawajaitumia. Chama cha msingi cha ushirika au kikundi kinachokodi lori kinaweza kuweka sharti moja kabla ya kupakia: dereva awashe taa zote, akanyage breki, awashe indiketa na kufungua kisanduku cha fyuzi. Kazi hiyo ni ya dakika tano. Likionekana pengo, waya wa shaba au fyuzi ya rangi isiyolingana na kifuniko, gari halipakii hadi litengenezwe. Msafirishaji atakayekosa mizigo miwili mitatu kwa sababu hiyo atajua la kufanya kabla ya msimu unaofuata.

Mfanyabiashara anayesafiri na mzigo wake ahakikishe ndani ya gari kuna kizimamoto chenye dawa, na kwamba dereva anajua namna ya kutenganisha betri haraka. Moto wa umeme hauzimiki vizuri wakati betri bado inausukuma umeme.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Fyuzi inapoungua mara ya kwanza, badilisha na uandike kwenye daftari. Ikiungua mara ya pili kwa namna ileile, usiweke kubwa zaidi. Peleka gari kwa fundi kabla mzigo haujapakiwa, ukiwa na daftari lako mkononi.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.